Ukiishi mlimani, turbo ndiyo jibu. Lakini breki kwanza

Tangu bonasi ya chai ilipwe, hapa steji ya Kipsitet kuna mjadala mmoja tu. Si siasa, si mpira. Ni Starlet ya jamaa yangu.

Huyu msee tumekua pamoja huku Soin. Siku hizi anafanya kazi Kericho mjini na kila wikendi anashuka nyumbani na ndai yake, Toyota Starlet EP91 ya lita 1.3, silinda nne, nyeupe, imezunguka nchi kabla ya kumfikia. Mamake ana chai kidogo kule juu Sigowet. Bonasi ilipoingia, mama akamkatia kipande na kumwambia, "Tengeneza hiyo gari, uache kutuamsha usiku eti umekwama Kapsoit." Mama alimaanisha shoki, tairi na rejeta. Jamaa akasikia "tengeneza" akaelewa "ongeza nguvu".

Sasa ana ofa mbili mkononi. Fundi wa kwanza ana supachaja iliyotolewa kwenye Mercedes Kompressor iliyopata ajali, na anasema atachomelea vishikizo aiweke. Fundi wa pili ana turbo mpya kabisa ya Kichina, bado iko kwenye boksi. Kila ofa inakaribia bei ya ng'ombe wa maziwa. Steji imegawanyika katikati: kuna timu supachaja na timu turbo, na wanaopiga kelele zaidi ni wale hawana gari.

Nimenyamaza vya kutosha, wacha niseme. Kwa injini ya zamani ya silinda nne, na kwa mtu anayeishi kati ya Soin na Kericho, turbo ndiyo chaguo la akili. Sisemi hiyo ya boksi. Na sisemi leo. Nitaeleza.

Tuanze na kazi yenyewe. Injini inapumua. Inavuta hewa, inachanganya na petroli, inachoma, inasukuma pistoni. Ukitaka nguvu zaidi kwenye injini ndogo, ipe hewa zaidi na mafuta ya kulingana na hiyo hewa. Supachaja na turbo zote ni pampu za hewa. Tofauti ni nani anayezungusha pampu.

Supachaja inazungushwa na mkanda kutoka kwa krankishafti, kama vile altaneta inavyozungushwa. Injini ikizunguka, nayo inazunguka papo hapo. Ukikanyaga, inaitika. Ubaya wake ni kwamba inakula nguvu ya injini ileile inayoisaidia. Ni kama kumwajiri kibarua ambaye lazima umlishe kabla hajashika jembe.

Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Moshi ule ungetoka tu nyuma uende zake, lakini sasa unapita kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, linazunguka kwa kasi ya ajabu, na upande wa pili gurudumu lingine linasukuma hewa kwa injini. Haili mkanda. Inakula kile ambacho kilikuwa kinatupwa. Ubaya wake ni kuchelewa: ukikanyaga, unasubiri kidogo moshi uwe mwingi ndipo uhisi ule msukumo. Na inachemka sana, kwa sababu inakaa kwenye moto wa ekzosi.

Mpaka hapo timu zote mbili ziko sawa. Ukiwa Mombasa, ningekuambia chagua unayopenda. Lakini sisi hatuishi Mombasa.

Ukitoka Ahero uko kwenye mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Unapita Awasi, unaingia Kipsitet, unapanda Kapsoit, na ukifika Kericho mjini umevuka mita 2,000. Kila unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Presha ya hewa ya Kericho ni kama asilimia 78 ya ile ya Mombasa. Kwa hivyo Starlet ambayo Toyota waliandika ina farasi 85, wale farasi walihesabiwa kwenye hewa nzito ya usawa wa bahari. Ikifika Kericho imebaki na 66 hivi. Weka abiria wanne na gunia la mahindi kwenye buti, washa gia ya tatu pale mlimani, halafu uniambie kama hujaanza kuimba nyimbo za kanisa.

Sasa weka pampu. Tuseme supachaja imepangwa kuongeza hewa mara moja na nusu. Mombasa inachukua 100 inakupa 150. Kericho inachukua 78, inakupa 117. Mkanda haujui kama uko mlimani. Unazunguka vilevile, unazidisha hewa yoyote uliyo nayo, na ukiwa na hewa nyepesi unapata matokeo mepesi.

Turbo ina kijilango cha pembeni ambacho hufunguka kupitisha moshi kando presha ikifika kiwango. Tuseme kimepangwa kufunguka turbo ikiongeza 50. Kericho unapata 78 jumlisha 50, hiyo ni 128. Turbo inazunguka kasi zaidi kufikia hapo, lakini inafika. Na kama gari lina kompyuta inayosimamia hicho kijilango vizuri, inaweza kukurudishia hata ile 150 ya Mombasa, mradi turbo yenyewe si ndogo kupita kiasi. Huo ndio moyo wa hoja yangu. Supachaja inapoteza pamoja na wewe ukipanda. Turbo inakufidia.

Hili halikugunduliwa na vijana wa Subaru. Mwaka 1918, mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kileleni Pikes Peak huko Colorado, Marekani, zaidi ya mita 4,000 juu. Injini ile ilikuwa na farasi 350 chini bondeni. Kule juu bila turbo ilishuka hadi 230. Wakawasha turbo, ikarudi 356. Marubani wa wakati ule walikuwa na shida ileile ya jamaa yangu pale Kapsoit, tofauti ni kwamba wao wakikwama hawapigi simu kwa mama.

Na kama unataka ushahidi wa hapa nyumbani, rudi Safari Rally ya 1986. Toyota walileta Celica Twincam Turbo, silinda nne. Lancia walileta 037, silinda nne pia, yenye supachaja. Injini zote ziko kwenye lita mbili na kidogo. Björn Waldegård akashinda na Celica, Lars-Erik Torph akawa wa pili na Celica nyingine, na Markku Alén akaja wa tatu na Lancia. Toyota walikuwa wameshinda pia 1984 na 1985 kwa gari hilohilo la turbo.

Timu supachaja watasema nafasi ya tatu kwenye Safari ya zamani, maelfu ya kilomita za vumbi na matope, si aibu. Ni kweli. Tena nitawapa silaha nyingine. Mwaka huo Lancia walikuwa tayari na gari jipya, Delta S4, lenye supachaja na turbo kwa pamoja. Lakini Kenya walileta ile 037 ya zamani. Kwenye barabara ngumu, watu wenye akili huchagua kitu wanachokijua. Shika hapo, tutarudi.

Niwe mkweli zaidi. Supachaja ina siku yake. Ukiwa kwenye barabara ya majani chai wakati wa mvua, gia ya kwanza, tope hadi rimu, unataka nguvu ya chini, ya taratibu, isiyokurukia ghafla. Supachaja inakupa hiyo kuanzia unapokanyaga. Turbo kubwa itakulaza, halafu itakuamsha ghafla na kukutupa mtaroni. Na turbo inategemea oili ya injini. Injini ya zamani iliyojaa uchafu, mwenye gari anayebadilisha oili akikumbuka, hiyo turbo haitamaliza mwaka. Supachaja nyingi zina oili yake yenyewe, hazijali sana tabia zako mbaya.

Hizo ni hoja nzuri. Lakini zina majibu. Turbo ndogo haichelewi sana, na mtu wa matumizi ya kawaida anahitaji ndogo. Kuhusu oili, badilisha oili bana! Kama huwezi kubadilisha oili kwa wakati, hupaswi kuwa kwenye huu mjadala.

Halafu kuna suala la mafundi, na hapa ndipo turbo inashinda bila jasho. Angalia barabara yetu. Lori la chai linalopanda na mzigo lina turbo. Hiace ya dizeli inayokubeba ina turbo. Prado ya yule mkubwa ina turbo. Subaru ya yule kijana wa Litein anayetuamsha saa nane usiku ina turbo. Kila mji kutoka Sondu hadi Bomet una mtu ambaye ameshika turbo kwa mikono yake, anajua ikilia inamaanisha nini, na ana bomba la oili la kubadilisha. Sasa niambie, supachaja unampelekea nani? Zile Mercedes Kompressor ndizo karibu pekee zinazotembea nazo huku kwetu, na wenyewe huzipeleka Nairobi. Mercedes wenyewe, walipofika mwisho wa miaka ya 2000, waliiacha supachaja kwenye injini zao za silinda nne wakahamia turbo. Hata Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, magari ya mbele yalikuwa silinda nne za lita 1.6 zenye turbo. Kanuni ya Lancia ni ileile: chagua kitu ambacho kikikufia porini kuna mtu wa kukifufua.

Kwa hivyo nikatae ile ofa ya kwanza moja kwa moja. Supachaja ya Mercedes kwenye Starlet, vishikizo vya kuchomelea, mkanda uliokadiriwa kwa macho. Mkanda ukikaa mshazari kidogo tu unaruka, na ukiruka unaweza kubeba ule wa altaneta na wa pampu ya maji. Injini inachemka, gasketi ya hedi inaungua, bonasi imeenda.

Lakini na ofa ya pili naikataa. Ndiyo, nimesema turbo, na bado naikataa turbo ya boksi. Injini ambayo ilizaliwa bila turbo ina mgandamizo mkubwa. Pistoni zinaibana hewa zaidi ya mara 9 kabla ya cheche. Ukiongezea hewa ya kusukumwa, mchanganyiko unapata joto kupita kiasi na kuwaka kabla ya wakati wake. Utasikia injini inagonga, tik tik tik, kama mtu anabisha hodi. Huyo anayebisha ni fundi wako wa baadaye. Ukizoea kuipuuza hiyo sauti, pistoni inatoboka. Na kompyuta ya zamani ya gari haijui kuwa umeongeza hewa, kwa hivyo haiongezi petroli inavyofaa. Hewa nyingi, petroli kidogo, moto mkali.

Toyota walijua haya. Ndiyo maana walipotaka Starlet ya turbo hawakufunga turbo tu na kupiga makofi. Walitengeneza injini ya 4E-FTE, ndugu wa ile iliyo kwenye gari la jamaa yangu. Walishusha mgandamizo hadi kati ya 8 na 9, wakaweka rejeta ya kupoza hewa, kompyuta yake, nozeli zake za petroli. Ilikuwa kwenye GT Turbo na baadaye Glanza V, farasi 135 kutoka lita 1.3. Walifanya vilevile kwa supachaja: injini ya 4A-GZE ya lita 1.6, iliyokuwa kwenye MR2 na baadhi ya Corolla kuanzia 1986 hadi katikati ya miaka ya 90, ilipata pistoni imara na mgandamizo wa chini. Kiwanda chenye maabara kilibadilisha injini nzima. Sisi tunataka kubadilisha kwa grainda na mashine ya kuchomelea.

Basi ushauri wangu kwa yeyote mwenye Starlet na ndoto ni huu. Ukitaka turbo, tafuta injini nzima iliyozaliwa na turbo, pamoja na nyaya, kompyuta na rejeta ya hewa. Zunguka Kirinyaga Road, pale wazee bado wanapaita Grogan, uliza, linganisha, isikilize ikiwaka kabla ya kutoa doo. Itagharimu zaidi ya turbo ya boksi. Itagharimu pungufu ya turbo ya boksi jumlisha injini mbili utakazoua. Ukiibadilisha, ripoti NTSA, namba ya injini kwenye logbuku ibadilike, na uambie kampuni yako ya bima. Watu wanaruka hatua hii. Siku ya ajali, mtu wa bima akija na tochi na kukuta injini isiyo kwenye karatasi, utajua kwa nini alikuja akitabasamu.

Sasa lile neno nililosema mwanzo: si leo.

Kila mtu hapa steji anajadili kupanda. Hakuna anayejadili kushuka. Ile barabara inayoiba farasi wako ukienda Kericho ndiyo inayokurudisha Soin, mteremko mrefu, kona, ng'ombe, watoto wa shule, boda boda bila taa. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, unaweza kudhani umeongeza kidogo tu, robo. Lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Starlet ya kawaida ina diski ndogo mbele na drami nyuma. Toyota waliziweka kwa ajili ya gari la kwenda sokoni. Zikipata moto kwenye mteremko, pedali inakuwa laini kama ugali wa jana uliomwagiwa maji, na hapo hakuna turbo wala supachaja ya kukuombea.

Sisi wa Kericho hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu breki. Tarehe 10 Oktoba 2018 tulipoteza watu wa basi la Fort Ternan, zaidi ya 50. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction likaparamia matatu na akina mama waliokuwa wanauza pembeni mwa barabara. Wengine zaidi ya 50. Hayakuwa magari ya vijana wa kuongeza nguvu, na sisemi yalikuwa. Nasema barabara zetu zina milima pande zote, na kila familia hapa inamjua mtu aliyekuwa mahali pabaya wakati chuma kizito kilikataa kusimama. Ukijua hivyo halafu uongeze farasi 50 kwenye gari ambalo halisimami vizuri hata kwa hizo 66, wewe si mpenzi wa magari. Wewe ni mtu anayecheza kamari na watoto wa wenyewe.

Kwa hivyo mpangilio wangu ni rahisi. Pesa ya kwanza ni breki: diski, pedi, hosi za breki, mafuta ya breki mapya. Ya pili ni tairi na shoki. Ya tatu ni rejeta na mfumo wa kupoza, kwa sababu Soin mchana ni joto na mlima unaanzia hapo hapo kwenye joto. Ya nne, pima mgandamizo wa kila silinda uone kama injini uliyo nayo bado iko hai. Nusu ya watu wanaolia eti gari halina nguvu wana plagi zilizochoka, chujio la hewa lililojaa vumbi la murram na valvu zinazovuja. Rekebisha hayo, huenda ukapata farasi wako waliopotea bila kununua mwingine. Ukimaliza yote na bado una doo na bado una hamu, sasa tuongee turbo, na mimi mwenyewe nitakusindikiza Grogan.

Najua nitaambiwa nimezeeka kabla ya wakati. Kijana anataka kusikia ule mluzi wa turbo akipita steji, hataki kusikia habari za hosi za breki. Naelewa. Mimi pia napenda ule mluzi. Lakini nimemuuliza jamaa swali moja, na nakuuliza wewe pia: ukiwa na gari hilo likiwa limejaa, mamako akiwa kiti cha mbele na kikapu chake, mnashuka kutoka Kapsoit jioni mvua ikinyesha, ungependa hiyo bonasi yake iwe imeenda wapi?

Jumamosi iliyopita alinipigia. Alikuwa Kericho, kwenye duka la vipuri, anauliza kama pedi za kawaida zinatosha au achukue zile nzuri. Nikamwambia achukue zile nzuri. Turbo tutaiongelea bonasi ijayo.